Mluzi Kwenye Redio ya Mwenyekiti

Watu wa jengo letu wakimkumbuka wifi yangu, hukumbuka ulimi wake. Aliwahi kumwambia bwana harusi mmoja, mbele ya ukumbi mzima, kwamba suti aliyovaa anapaswa kuiomba radhi. Mimi nakumbuka vidole vyake. Alikuwa fundi wa kusuka mota. Feni, pampu za maji, mashine za kusaga, chochote kilichoungua kwa ndani kililetwa mezani kwake, akaufumua waya wa shaba ulioungua na kusuka mwingine mpya, mzunguko baada ya mzunguko, huku anapiga soga na wewe bila kupoteza hesabu. Karakana nzima ilikuwa ya wanaume, na ni yeye peke yake aliyekuwa na stuli yenye mto. Ukiukalia mto ule, umeyataka mwenyewe.

Aliolewa na kaka yangu, na mimi nilipinga. Nilisema hatuwezi kuleta nyumbani mwanamke anayenukia vanishi ya mota. Kaka hakunisikiliza, kama kawaida yake, na baadaye maisha yaliponipindukia ni hao hao walionipa kitanda sebuleni kwao, ghorofa ya tatu. Tukawa tunagombana kila siku, mimi na wifi yangu, kwa raha zetu, kama mawifi wanavyotakiwa kugombana.

Kisha kaka akatoka asubuhi kwenda kazini, asirudi.

Alikuwa mpiga chapa. Wakati ule wanajeshi walikuwa wameshika nchi, na kiwanda alichofanyia kazi kilikuwa kimechapa karatasi ambayo wakubwa hawakuipenda. Wenzake wengine walikamatwa, wengine walivuka mpaka, na wengine waliokotwa maiti. Kaka alikuwa katika fungu gani, hatukujua. Ukienda kuuliza kituoni unaulizwa wewe kwanza, na walioulizwa hawakurudi na sura ileile. Kwa hiyo tulikaa roho juu, wawili katika nyumba ya watu watatu, kila mmoja akijifanya kwamba mwenzake ndiye anayehitaji kufarijiwa.

Njia ya kujua ilikuwa moja tu. Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na stesheni ya redio, na kila jioni, wakati watu wanapika, iliwapa nafasi waliokimbia kuwasalimu walioachwa nyuma. Hawakutaja majina, wasije wakawaponza watu wao. Kila mmoja alisema jambo la nyumbani kwake, jambo ambalo wenyewe wangelitambua, na sauti ikamaliza kazi iliyobaki. Kama kaka alikuwa hai na amevuka, tungemsikia huko. Kama hatukumsikia, basi, kila mtu afikirie mwenyewe.

Shida ni kwamba redio zote zenye kuweza kushika stesheni za mbali zilikuwa zimekusanywa. Yetu ilibebwa na askari kijana ambaye alitoa shukrani mlangoni, mpuuzi yule. Katika jengo zima ilibaki redio moja, kubwa, ya Mwenyekiti wa wapangaji, pale chini, ili asikilize matangazo ya serikali na kutufikishia. Alikuwa mstaafu wa forodha, mtu wa kufunga tai hata akienda kutupa takataka. Alikuwa mjane, na kijana wake mmoja, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa "kwenye kozi". Kozi gani, wapi, mpaka lini, hakuna aliyeuliza. Wakati ule kutouliza ilikuwa adabu.

Wifi yangu hakulia wala hakushika tama. Jioni moja aliweka juu ya meza ya kulia kipande cha bomba la maji la plastiki na waya mwembamba wa shaba kutoka karakana, akaanza kusuka.

"Unasuka mota ya mdoli?" nikamwuliza.

"Nasuka redio. Kaa mbali na taa yangu."

Alikuwa amefundishwa na mjomba wake tangu akiwa msichana, na niliyapata maelezo kwa vipande, kwa sababu alikuwa mchoyo wa maelezo. Redio ya dukani ina vipuri vingi vinavyosaidiana kuikuza sauti. Ya kwake ilikuwa na transista moja tu, aliyoing'oa kwenye redio mbovu, na betri za tochi, na kisikilizio cha simu iliyokufa. Transista moja haitoshi kushika sauti ya mbali. Ujanja wake ulikuwa kwenye koili ya pili, fupi, iliyosukwa jirani na ya kwanza: kile kidogo kinachopatikana kinarudishwa mlangoni, kiingie tena, kikuzwe tena, kirudishwe tena, mpaka mnong'ono unakuwa maneno. Kulikuwa na kishikizo cha kuamua kirudi kiasi gani, na wifi yangu alikiita hatamu. Eriali yetu ilikuwa waya wa kuanikia nguo pale kibarazani. Mchana ulibeba mashuka, jioni ulibeba nchi nzima.

"Kazi yote ni hatamu," aliniambia. "Ukiilegeza, husikii kitu. Ukiikaza, inasikia vizuri, na vizuri zaidi, mpaka karibu kabisa na mwisho. Hapo mwisho ndipo patamu. Ukipitiliza, inapiga mluzi."

"Ikipiga mluzi kuna ubaya gani?"

"Ubaya ni kwamba haisikilizi tena peke yake. Inasema. Inarusha mluzi wake hewani, na jirani mwenye redio anausikia."

Basi, tukaanza kusikiliza. Kisikilizio kilikuwa kimoja, na kilikaa kwenye sikio lake, si langu, jambo ambalo lilinikata maini, maana aliyepotea alikuwa damu yangu. Nilidai zamu. Akaniambia sikio langu limezoea kusikiliza umbeya wa ngazini, sauti za mbali halitaziweza. Lakini alipoona nimenuna kweli, akaanza kunirudishia kwa mnong'ono kila neno alilosikia, neno kwa neno, mdomo wake ukimfuata yule wa redioni bila kuachwa. Ikawa ndio mtindo wetu. Nimewasikia kwa mdomo wa wifi yangu wanaume wakiwaomba wake zao radhi, mabinti wakiuliza habari za mama zao, na mzee mmoja aliyetaka tu ijulikane kwamba ufunguo uko mfukoni mwake, wasimtafute mwizi. Kaka hakuwamo.

Stesheni ile ilikuwa na desturi mbaya ya kuzama. Mtu anaanza kusema, halafu sauti inakwenda chini, chini, na wifi anaikaza hatamu kumfuata. Mara nyingine alipitiliza. Nilimwona akiruka kidogo kwenye kiti na kurudisha mkono haraka, nami nikajua tumepiga mluzi.

Mwenyekiti akaitisha mkutano pale chini, kwenye ngazi. Alisimama na tai yake, akakohoa, akasema kwamba katika jengo hili kuna mtu mwenye mtambo. Redio yake ilikuwa inaingiliwa na mluzi jioni, akiwa anasikiliza hotuba ya serikali, na yeye hatakubali jengo lake liharibiwe jina na haini. Alisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Watu walitazama viatu vyao. Wifi yangu aliuliza kama mkutano utachukua muda mrefu, kwa sababu ameacha maji jikoni.

Maneno kama hayo hayakai kwenye ngazi. Yalifika yalikokuwa yanakwenda, na msako ukaja. Siku hiyo tuliwasikia wanaanza ghorofa ya kwanza, vitanda vikipinduliwa, na wifi akaichambua redio yake kama mtu anayemenya viazi. Koili akaivua kwenye bomba na kuitupa kwenye ndoo ya koili za mota alizoleta kumalizia nyumbani. Transista ikaingia kwenye pindo la pazia. Kisikilizio akakitia ndani ya unga. Askari waliitazama ile ndoo, mmoja akauliza vile ni nini, naye akawaeleza habari za pampu za maji kwa urefu na kwa undani, mpaka wakaondoka wenyewe kwa kuchoka. Alipofunga mlango akakaa palepale sakafuni. Mimi nilikuwa nimekaa muda mrefu.

Baada ya hapo gari likawa linazunguka mitaani jioni, gari la kijani lenye eriali ya duara juu ya paa, duara likigeuka polepole huku na huku, likitafuta mluzi unatoka wapi. Tukakaa bila kusikiliza, kwanza kwa woga, kisha kwa woga zaidi. Kila jioni iliyopita nilijiambia huenda ndiyo leo kaka anasema, na hakuna sikio. Nilikuwa mkali, nikavunja vikombe. Wifi alikuwa kimya, na kwake yeye hiyo ilikuwa mbaya kuliko kuvunja vikombe.

Siku moja tukiwa tunakunja mashuka akasimama ghafla, shuka mkononi.

"Wifi, Mwenyekiti alisema alikuwa anasikiliza nini?"

"Hotuba. Si ulikuwepo?"

"Hotuba iko kule mwisho mwingine wa mawimbi. Mluzi wetu haufiki kule hata usukumwe na trekta. Mluzi unaingia kwenye redio iliyokaa palepale tulipokaa sisi."

Nilichukua muda kidogo kuelewa. Nilipoelewa nikaachia shuka.

"Mnafiki! Mnafiki mkubwa yule! Tumemshika pabaya. Kesho asubuhi naenda kuwaambia..."

"Utawaambia umejuaje?"

Alikuwa amesema kweli, na hiyo ndiyo iliyonikera. Tulikuwa na siri ya mtu ambayo hatukuweza kuitumia bila kujianika wenyewe. Lakini wifi alichukua jambo jingine katika yale: kama mzee wa tai anathubutu, naye atathubutu, akaiunga tena redio jioni ileile. Alisema hatapitiliza tena, atakaa chini ya mluzi, potelea mbali wanaozama wazame.

Na kweli alijizuia. Tulipoteza watu wengi namna ile, sauti zikizama nasi tukiwaacha, na kila aliyezama nilimwona kaka ndani yake.

Jioni ninayotaka kuieleza, gari lilikuwa limesimama mwisho wa mtaa wetu, injini imezimwa. Niliona duara lake kwa pembe ya dirisha. Nilimwambia wifi aache. Akasema atatega sikio tu. Akasikiliza, akaninong'oneza mwanamke mmoja, akaninong'oneza wa pili, kisha akanyamaza. Uso ulibadilika.

"Mwanamume," akasema. "Anazama. Sishiki neno hata moja."

"Ni yeye?"

"Sijui."

"Sauti nene au nyembamba?"

"Wifi, sijui! Niko mwisho wa hatamu. Nikikaza tena napiga mluzi."

Akanitazama. Hakuwa mtu wa kuomba ruhusa, na mimi sikuwa mtu wa kutoa ruhusa, ila safari hii alikuwa anauliza. Nikatazama gari. Nikamfikiria kaka yangu anasema peke yake mbele ya mashine, katika nchi ya watu, na sisi tumemziba mdomo kwa woga wetu.

"Pitiliza," nikasema.

Akapitiliza. Nilisikia mluzi ukivuja kwenye kisikilizio mpaka kwangu, mwembamba kama wa birika. Kulikuwa na jambo ambalo fundi mwenye mkono mtulivu aliweza kulifanya hapo: kuusogeza ule mluzi taratibu mpaka ushuke, uwe mzito, uwe mngurumo, kisha upotee kabisa, na sauti ya mtu ibaki imesimama mahali pake, wazi kuliko mwanzo. Redio ya jirani haipati raha hiyo. Jirani mwenyewe anabaki na mngurumo wetu tu, umemeza kila kitu. Mkono wa wifi ulisogea polepole mno. Midomo yake ikaanza kutembea.

"'...baba aliyenifundisha kufunga tai mbele ya kioo cha kabati. Siku hizi najifunga mwenyewe, na haipindi. Lile jino nimeling'oa. Napika, nimejifunza, usicheke. Baba, usiiuze baiskeli yangu. Nitaiendesha nikirudi.'"

Kijana. Hakuwa yeye. Wifi akailegeza hatamu, akatoa kisikilizio, akakiweka mezani kwa upole ambao ulinitia hasira kuliko angekitupa.

"Baiskeli!" nikasema. "Tumejiponza kwa ajili ya baiskeli."

Hapo ndipo injini ya gari ilipowaka. Lilikuja polepole, likasimama mlangoni mwa jengo. Buti zikashuka. Tulisikia mlango wa Mwenyekiti ukigongwa, sauti za wanaume, swali, kimya, swali tena. Hatukuwa na muda wa kuchambua chochote. Wifi aliifunika redio kwa sufuria kubwa, tukasimama katikati ya chumba tumeshikana mikono, watu ambao hatukuwa tumewahi kushikana mikono hata siku ya harusi. Sikumwomba Mungu kitu chochote cha busara. Niliomba tu tupigwe pamoja, tusitenganishwe.

Gari likaondoka. Tulilisikia mpaka kona, na baada ya kona. Kisha ndala zikaanza kupanda ngazi, kwa uzito, zikipumzika kila ghorofa.

Mwenyekiti aliingia bila kungoja kukaribishwa na kufunga mlango nyuma yake. Hakuwa na tai. Sijawahi kuiona shingo yake kabla ya hapo. Ilikuwa shingo ya mzee sana.

"Ni ninyi," akasema. "Wenye mluzi ni ninyi."

"Shikamoo, mzee," akasema wifi. "Mluzi gani tena?"

"Usinifanye mtoto. Wameniuliza kama nimeusikia. Nimewaambia sijasikia kitu, nilikuwa nakula. Nimedanganya mbele ya bunduki. Sasa niambie, ni wewe?"

Hasira zilinipanda mpaka utosini, na ulimi ukatangulia akili.

"Na wewe, mzee, ulikuwa umefungulia stesheni gani hata mluzi ukakuingilia? Hotuba, eti?"

Wifi alinifinya. Nilikuwa nimeshasema. Yule mzee alinitazama, kisha akatafuta kitu cha kushika, akapata mgongo wa kiti. Nilingoja afoke. Hakufoka.

"Alikuwa mwanangu," akasema. "Nimeijua sauti yake. Alisema 'Namsalimu baba', halafu mkaja ninyi na mngurumo wenu. Tangu aondoke nasikiliza. Kila siku nasikiliza. Ameanza kusema, mkammeza."

Nilimtazama wifi na nikaona anapima: huenda ni mtego, huenda bado kuna askari ngazini, na akifungua mdomo hakuna kurudi nyuma. Ningekuwa mimi, nisingefungua. Najua jinsi mzee yule alivyotutesa kwa ule mkutano wake.

"Keti, mzee," akasema wifi. "Alisema hivi."

Akamwambia yote. Hakupunguza neno, hakuongeza, na alipofika penye "usicheke" alisimama kidogo, kama kijana alivyokuwa amesimama. Kwenye kabati na kioo mzee alitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Kwenye jino alijishika shavu lake mwenyewe. Kwenye baiskeli aliinama.

"Nimeshaiuza," akasema.

Akalia, na mimi nikatazama ukuta, kwa sababu sikutaka kumhurumia na ilikuwa imeanza. Alipomaliza alijifuta kwa kiganja, akainuka, akafika mlangoni na kushika komeo. Hakutoka. Alisimama ametupa kisogo.

"Mumeo naye alisema," akasema. "Baada ya ule msako."

Nilisikia wifi akivuta pumzi.

"Alisema nini?"

"Sikusikiliza. Niliijua sauti, si tulikuwa tunacheza dama pale chini? Nikaogopa. Nilikuwa natafuta mwanangu tu, nikahamisha stesheni upesi."

Alijua. Alipishana nasi ngazini kila asubuhi, anasema "habari za leo", na alijua. Msako wake ndio uliotutoa sisi masikio, na yeye mwenye sikio akahamisha. Nilinyakua bakuli mezani na nadhani nilitaka kumpiga nalo. Wifi alilichukua mkononi mwangu bila kunitazama, akaliweka chini.

"Hata neno moja?" akamwuliza. "Jaribu, mzee. Hata moja."

"Hakuna neno. Alikuwa anacheka. Nilipofika alikuwa katikati ya kucheka."

"Anacheka vipi?"

"Kucheka tu, mwanangu. Kama watu."

"Yeye hachekagi kama watu. Hebu cheka alivyocheka."

Mzee akageuka, macho bado mekundu, aone kama anadhihakiwa. Hakuwa anadhihakiwa. Akasafisha koo, akajaribu, ikatoka kikohozi. Wifi akatikisa kichwa, hapana. Akajaribu tena, juu zaidi, na mwishoni akaivuta pumzi kwa ndani na kuikata, vile kaka yangu alivyokuwa akifanya tangu tukiwa watoto, enzi zile nikimziba mdomo kwa mkono asituamshie mama.

"Ndiye," akasema wifi yangu, akakaa. "Tena, mzee. Rudia tena."